Kushangilia bao bila zogo: mwongozo kamili kwa marefa, makocha na waandaaji wa ligi za mchangani

Ukizunguka viwanja vya mchangani, utasikia kwamba lalamiko kubwa dhidi ya marefa si ukali wao. Refa mkali watu wanamzoea. Kinachowachoma ni kuona Jumamosi straika wa timu moja anavua jezi, anaizungusha hewani mbele ya mashabiki wake na refa anatabasamu, halafu Jumapili, kwenye kiwanja hichohicho, kijana wa timu nyingine anafanya vilevile na analambwa kadi ya njano. Ikiwa hiyo ni njano yake ya pili, timu inabaki na watu kumi, inafungwa, na kamati ya ligi inapokea rufaa kabla jua halijazama.

Mwongozo huu ni wa ligi za mtaa, mechi za kugombea mbuzi, mabonanza na mashindano makubwa ya ndondo. Huko hakuna VAR, yaani waamuzi wa video, mara nyingi hakuna hata mwamuzi wa akiba, na mashabiki wamesimama hatua mbili kutoka kwenye mstari wa chokaa. Usawa wa maamuzi katika mazingira hayo huandaliwa kabla ya mechi. Unatenganisha mambo ambayo sheria imeshayaamua na yale iliyomwachia refa, kisha marefa wote wa ligi wanakubaliana namna ya kuyapima hayo ya pili. Refa asiyefanya kazi hiyo mapema ataamua kwa moyo wa siku ile, na moyo wa Jumamosi si wa Jumapili.

Hatua ya 1: Jua sheria imeshaamua nini

Kushangilia bao kumo ndani ya Sheria ya 12, ile ya faulo na utovu wa nidhamu. Sheria inaanza kwa kuruhusu: mchezaji ana haki ya kufurahia bao. Inachokataza ni kupitiliza. Maonyesho yaliyopangwa kabla hayahimizwi, ingawa hayakukatazwa, mradi yasile muda kupita kiasi. Kutoka nje ya mstari kwenda kushangilia si kosa la kadi. Mchezaji anatakiwa tu arudi uwanjani mapema iwezekanavyo. Hapa marefa wengi wa mtaani wanateleza. Utaona kijana kavuka mstari kumkumbatia kocha wake, refa kamfuata na njano. Kadi hiyo haina msingi wowote.

Kisha yanakuja makosa ambayo kadi ya njano ni ya lazima:

- kupanda uzio, au kuwaendea mashabiki kwa namna inayohatarisha usalama;
- kufanya vitendo au ishara za kuchokoza, kudhihaki au kuchochea;
- kufunika kichwa au uso kwa kinyago au kitu kinachofanana nacho;
- kuvua jezi, au kufunika kichwa kwa jezi.

Neno la kushika hapo ni "lazima". Tangu 2004 kuvua jezi ni njano, na refa hana ruhusa ya kuangalia kama bao lilikuwa tamu, kama ni dakika ya 90 au kama mfungaji ni mtoto wa mtaa anayependwa na wote. Binafsi naona adhabu hii ni nzito kwa kijana anayecheza bila mshahara kwenye uwanja wa vumbi. Hata hivyo, refa anayeisamehe leo anamtwisha mzigo mwenzake wa kesho, kwa sababu huyo wa kesho akiifuata sheria ndiye atakayeitwa mwonevu.

Tangu msimu wa 2019/20 sheria inasema wazi kwamba kadi hizi zinatolewa hata kama bao limekataliwa. Mfungaji akivua jezi, kisha mshika kibendera akaonekana amenyoosha kibendera cha kuotea, bao linafutwa na njano inabaki. Wachezaji wengi hawajui hili na watabisha hadi povu liwatoke, kwa hiyo liseme mapema.

Upande wa pili nao una uzushi wake. Hakuna kosa la kushangilia linalofuta bao halali. Unaweza kutoa kadi tatu kwa mkupuo, bao likabaki bao. Refa anayetishia "nitalifuta" anatishia kwa mamlaka asiyopewa na mtu.

Mifano mikubwa inasaidia kuwaelewesha vijana. Andrés Iniesta alifunga bao lililoipa Hispania Kombe la Dunia kule Johannesburg tarehe 11 Julai 2010. Akavua jezi kuonyesha fulana yenye jina la Dani Jarque, rafiki yake na mchezaji wa Espanyol, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwamuzi Howard Webb alimwonyesha njano, kwenye fainali, kwa bao kubwa kuliko yote katika historia ya nchi ile. Neymar, akiwa na Santos ya Brazil mwaka 2011 kwenye Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, dhidi ya Colo-Colo, alifunga bao zuri, akavaa kinyago chenye sura yake mwenyewe kilichokuwa mikononi mwa mashabiki, akapata njano ya pili na kutolewa.

Kuhusu uzio, mfano wa kuwasimulia ni wa Paulo Diogo wa Servette ya Uswisi, Desemba 2004. Alirukia uzio wa chuma kushangilia na mashabiki, pete yake ya ndoa ikanasa, na aliporuka kurudi chini kidole kikang'oka. Juu ya hayo akaonyeshwa kadi ya njano. Mwambie hivyo mchezaji anayebisha unapomwambia avue pete na mkufu kabla ya mechi. Sheria ya 4 inakataza vito vyote, na kuvifunika kwa plasta hakukubaliki.

Kuna hali za kati zinazobishaniwa kila wiki. Mchezaji aliyenyanyua jezi hadi kifuani ili fulana ya ndani ionekane, bila kuivua wala kufunika kichwa, hana njano ya kuvua jezi. Maandishi ya fulana hiyo ni suala jingine: yakiwa ya kisiasa, ya kidini au ya binafsi, yanavunja Sheria ya 4, na refa anayaandika kwenye ripoti ili kamati iamue. Mchezaji aliyeivuta jezi ikamfunika uso anapata njano hata kama mikono bado imo ndani. Na yule aliyezingirwa na mashabiki wakamchomoa jezi kwa nguvu hakuvua yeye, basi usimwadhibu.

Hatua ya 2: Kubalianeni vipimo vya yale yaliyoachwa kwa refa

Kuvua jezi kila mtu anakuona. "Kuchokoza, kudhihaki au kuchochea" ndiko kwenye tabu, maana kunategemea jicho la mtu. Hapo ndipo marefa wawili waaminifu wanaweza kutoa maamuzi mawili tofauti kwa kitendo kimoja.

Kipimo cha kwanza ninachokipendekeza ni mwelekeo. Mchezaji anamshangilia nani? Akienda kwa watu wake akacheza singeli mpaka chini, hata kama anakera, hajamchokoza mtu. Akikatisha uwanja mzima hadi mbele ya mashabiki wa wapinzani, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha au akashika sikio kuwauliza mbona kimya, huyo ana njano. Safari yenyewe inaonyesha nia. Vivyo hivyo kwa anayekwenda kusimama mbele ya benchi la wapinzani, anayemwinamia kipa aliyelala chini na kumcheka, au anayemtupia beki maneno usoni.

Kipimo cha pili ni ishara yenyewe. Kuigiza kufyatua bunduki kuelekea mashabiki, kupitisha kidole shingoni kama kisu, kujifanya unajisaidia kwenye goli lao: njano, bila kujali umbali. Ishara ya tusi imevuka hapo kabisa. Kidole cha kati, kushika sehemu za siri kuwaelekea watu, au ishara yoyote ambayo mtaani kwenu kila mtu anaijua kuwa ni tusi, hiyo ni kadi nyekundu ya moja kwa moja, kwa sababu sheria inataja lugha na vitendo vya matusi kuwa kosa la kutolewa. Marefa wengi hutoa njano kwa ishara ya tusi wakidhani wanapoza mambo. Matokeo yake timu iliyotukanwa inaona haikulindwa, na kulipiza kisasi kunaanza dakika chache baadaye kwa rafu ya miguuni.

Ishara hubadilika kwa mahali. Kuna mitaa ambako kuonyesha vidole fulani kunamaanisha kundi la vijana, au kumkumbusha mtu ugomvi wa mechi iliyopita. Refa anayetoka kata nyingine hawezi kulijua hilo. Msimamizi wa kituo amweleze kabla ya mechi, faragha, bila kumtajia mchezaji kwa jina.

Kipimo cha tatu ni muda. Sheria haitaji sekunde, na inamwachia refa aamue upi ni upotevu wa muda uliopitiliza. Kwa ligi ya mtaa napendekeza mkubaliane hivi: refa awaachie kama nusu dakika bila bughudha, kisha awaite kwa filimbi na mkono, na anayeendelea kujivuta baada ya mwito wa pili apate njano ya kuchelewesha mchezo. Hizo ni sekunde za makubaliano yenu na zisitangazwe kama sheria. Faida yake ni kwamba marefa wote wa ligi wanafanana.

Kibendera cha kona kina kesi yake. Kukizunguka, kukishika, hata kukipiga ngumi za kuigiza si tatizo. Kukipiga teke kikavunjika au kukirusha ni kutouheshimu mchezo, na adhabu yake ni njano. Kwenye viwanja vyetu ambako kibendera ni fito iliyofungwa kitambaa, aliyeivunja timu yake itafute nyingine kabla mpira haujaendelea.

Hatua ya 3: Andika kanuni za mashindano, na ujue mpaka wako

Kamati nyingi zinadhani zinaweza kuandika chochote kwenye kanuni. Bodi ya kimataifa ya sheria za soka, IFAB, inaruhusu mpira wa ngazi ya chini kubadilisha vitu kadhaa kwa idhini ya shirikisho la nchi: ukubwa wa uwanja, urefu wa vipindi, idadi ya wachezaji wa akiba na kama aliyetoka anaweza kurudi, na adhabu ya kukaa nje kwa muda badala ya njano ya kawaida. Kufuta kadi ya kuvua jezi hakumo. Kwa hiyo kanuni inayosema "mchezaji anaruhusiwa kuvua jezi" ni batili, na ile inayosema "anayevua jezi atapewa nyekundu" ni batili vilevile.

Mkichagua adhabu ya kukaa nje, muda wake uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya muda wa mechi. Kwa mechi ya dakika 90, dakika 10 zinatosha. Usiianzishe bila idhini, na usiianzishe katikati ya msimu.

Yaliyo ndani ya uwezo wenu ni mengi. Faini kwa timu ambayo mashabiki wake wameingia uwanjani. Utaratibu wa fulana zenye maandishi. Baruti na moshi: vipigwe marufuku kabisa. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kwenye benchi. Kila adhabu iandikwe kwa kiasi kamili, maana kanuni inayosema "atachukuliwa hatua kali" ndiyo mlango wa upendeleo. Mwaka huu hatua kali itakuwa faini ya elfu kumi kwa timu ya mwenyekiti, na mwakani kufungiwa mechi tatu kwa timu ya watu wasio na mtetezi.

Mfano wa kifungu unaoweza kuunakili:

"Mashabiki wakiingia uwanjani kushangilia bao, mchezo utasimama hadi watoke. Timu yao itaonywa kwa maandishi kwa mara ya kwanza, na kwa kila mara inayofuata katika msimu huohuo italipa faini iliyotajwa kwenye jedwali la adhabu. Muda uliopotea utafidiwa."

Hatua ya 4: Waite marefa wote kikao kimoja

Hii ndiyo hatua ambayo ligi nyingi zinairuka, na ningekuwa na uwezo wa kulazimisha hatua moja tu, ningeichagua hii. Wiki moja kabla ya ligi kuanza, kusanya marefa na washika vibendera wote, hata wale wa kuombwa dakika za mwisho. Siku hizi kila mechi ya mtaani inarekodiwa kwa simu, kwa hiyo tafuta video fupi za mabao ya msimu uliopita zinazoonyesha ushangiliaji wa kila aina.

Onyesha video moja. Kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kila refa aandike kwenye karatasi: hakuna kadi, njano au nyekundu, na sababu kwa maneno machache. Kusanya karatasi, zisome kwa sauti. Ukiwaacha waanze kwa kuongea, refa mkongwe atasema lake na wengine watamfuata kwa heshima, utaondoka ukidhani wanakubaliana kumbe kila mmoja ana lake moyoni. Karatasi zinaonyesha tofauti ilivyo.

Wakigawanyika, usipige kura. Fungueni sheria, someni maneno yenyewe, kisha mjadili. Mkiishia na tafsiri ambayo bado ina utata, iandikeni kama msimamo wa ligi kwa msimu huo. Ikiwezekana mwalikeni mkufunzi kutoka chama cha waamuzi cha wilaya awasimamie, kwa sababu msimamo wenu usipingane na maelekezo yanayotoka juu. Mwishoni mwa kikao muwe na ukurasa mmoja. Si kitabu. Ukurasa huo kila refa auweke kwenye simu yake, na nakala iende kwa kila kocha.

Hatua ya 5: Sema na manahodha kabla ya filimbi

Dakika tano kabla ya kuanza, waite manahodha na makocha wakuu pamoja. Kuwaita wote wawili kwa wakati mmoja ni muhimu, ili kila upande usikie maneno yaleyale kutoka mdomo uleule. Refa anaweza kusema hivi:

"Manahodha, walimu, karibuni. Mkifunga, shangilieni, ni haki yenu. Kutoka nje ya mstari si kosa, ila rudini mapema. Jezi ikivuliwa au ikifunika kichwa ni njano, hata bao likikataliwa. Kwenda kwa mashabiki wa wenzenu kuwachokoza ni njano. Ishara ya tusi ni nyekundu. Mwalimu, watu wako wa benchi wabaki kwenye eneo lao. Kuna swali?"

Imetosha. Usiongeze hotuba wala vitisho. Refa mwingine anapenda kumaliza kwa "leo sitaki mchezo", na hapo keshajitengenezea ahadi ambayo mechi nzima watu watakuwa wanamdai.

Hatua ya 6: Nusu dakika baada ya bao

Sasa mpira umevuka mstari. Refa mchanga hufanya makosa mawili kwa pamoja: anageuka kuwapa kisogo washangiliaji, na anainamisha kichwa kuandika.

Kwanza mtazame mshika kibendera wa upande ule. Akikimbia kwenda mstari wa kati, hana shaka na bao. Akibaki amesimama wima, ana jambo. Mfuate mkamalizane kabla hujaashiria kati. Bao lililokubaliwa kisha likakataliwa wakati mashabiki wameshaingia uwanjani ni hatari kuliko kosa lolote la kushangilia.

Bao likiwa safi, nyoosha mkono kuelekea kati na urudi kinyumenyume, uso ukiwatazama wachezaji. Usiwafuate washangiliaji, wala usiingie katikati yao. Simama mahali unapoona vitu vitatu kwa mzunguko wa shingo: kundi la washangiliaji, goli lililofungwa na benchi la waliofungwa. Kwenye mechi za mtaani ngumi nyingi huanzia golini, wakati macho ya wote yako kwenye kona. Mshambuliaji anakwenda kuokota mpira wavuni ili mchezo uanze haraka, kipa anaukumbatia, beki anasukuma, na mara watu sita wameshikana mashati. Mwambie mshika kibendera wa upande huo mapema kwamba jicho lake la kwanza baada ya bao ni goli, na la mshika kibendera wa pili ni mabenchi.

Ishike namba ya mfungaji kichwani kabla hajafika kwa wenzake. Akivua jezi, namba inaondoka nayo, na kwenye timu ambazo jezi ni za kuazima unaweza kukuta namba 9 mbili, moja imechorwa kwa kalamu. Angalia na rangi ya viatu.

Kadi usiitoe katikati ya rundo la watu. Subiri kundi litawanyike, mwite mchezaji kando, mwache avae jezi, mwonyeshe kadi kwa utulivu, kisha andika namba, dakika na sababu. Yote haya yawe kabla mpira haujaanzishwa, maana mchezo ukishaendelea nafasi ya kutoa kadi hiyo imepita.

Kuna imani sugu mtaani kwamba timu yote ya wafungaji ikitoka nje kushangilia, waliofungwa wanaweza kuanzisha mpira haraka wakafunge goli tupu. Hakuna kitu kama hicho. Mpira wa kati unaanzishwa kwa ishara ya refa, na wachezaji wote, isipokuwa mpigaji, wanatakiwa wawe kwenye nusu yao. Refa anayeruhusu mwanzo wa namna hiyo anaibomoa mechi yake mwenyewe.

Saa nayo usiisahau. Sheria ya 7 inataja ushangiliaji wa mabao miongoni mwa mambo yanayofidiwa kwa dakika za nyongeza. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, dunia ilishangaa kuona nyongeza za dakika nane hadi kumi na zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa hiyo. Timu inayoongoza ikijua muda utafidiwa, ngoma zao kwenye kona zinapungua zenyewe.

Hatua ya 7: Watuzaji, watoto na benchi

Huku kwetu bao halishangiliwi na wachezaji peke yao. Mama anaingia na khanga anamfuta mfungaji jasho, shabiki anambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, watoto hamsini wanamkimbilia. Ni sehemu ya utamu wa mpira wa mtaani na sioni sababu ya kuuua. Unachohitaji ni mpaka.

Weka kamba, hata ya katani, hatua tatu nje ya mstari pale eneo linaporuhusu, na walinzi wa fulana za rangi moja kutoka timu zote mbili. Tangaza kwa kipaza sauti kwamba kutuza ni wakati wa mapumziko na baada ya mechi. Ikitokea mchezaji ametuzwa katikati ya mchezo, refa asimpe kadi kwa kupokea fedha asizoziomba. Amwelekeze azipeleke kwa meneja wake, kisha mchezo uendelee. Kadi inamhusu mchezaji anayewaendea mashabiki yeye mwenyewe na kusababisha msukumano, kwa mfano anayejirusha juu ya watoto waliobanana kwenye kamba.

Wachezaji wa akiba wanaomiminika uwanjani bila ruhusa wanaweza kupewa njano. Hapa kuwa na busara: hatua mbili ndani ya mstari kwa sekunde chache, waondoe kwa ishara. Wakikimbilia upande wa wapinzani, chukua hatua. Watu wa benchi la ufundi nao wanaonyeshwa kadi tangu 2019/20. Kocha au meneja anayeingia eneo la ufundi la wapinzani kwa shari ni nyekundu. Usipomtambua mtenda kosa kwenye benchi, adhabu inamwangukia kocha wa ngazi ya juu aliyepo. Waambie hilo kwenye kikao cha hatua ya 5, utaona makocha wanavyoanza kuwalinda watu wao wenyewe.

Hatua ya 8: Njano ya pili

Mtihani wa usawa uko hapa. Mfungaji ana njano tayari, dakika ya 90, anafunga bao la ushindi na jezi inaruka hewani. Kila mtu uwanjani anaomba moyoni refa ajifanye hajaona.

Tarehe 2 Desemba 2022, kwenye Kombe la Dunia, Vincent Aboubakar wa Kamerun aliifunga Brazil kwa kichwa dakika za nyongeza, akavua jezi, naye alikuwa na njano. Mwamuzi Ismail Elfath wa Marekani alimfuata akitabasamu, akampa mkono, kisha akamwonyesha njano ya pili na nyekundu. Aboubakar alitoka akicheka, Kamerun ikashinda 1-0. Waonyeshe marefa wako tukio hilo. Adhabu ilitolewa kamili bila mchezaji kudhalilishwa, na hakukuwa na mtu wa kumzonga refa. Kutoa kadi kwa sura ya kisasi ndiko kunakoleta zogo, hata pale kadi yenyewe inapokuwa sahihi.

Bao la kumkumbuka marehemu linaumiza zaidi. Mtaani mchezaji akizikwa Alhamisi, Jumapili wenzake wanacheza na mtu atafunga. Njano ya kuvua jezi haina msamaha wa msiba. Ila kamati inaweza kuwaondolea vijana kishawishi: dakika moja ya ukimya kabla ya mechi, kitambaa cheusi mkononi kwa timu zote mbili, na ruhusa ya kuinua jezi ya marehemu pale kwenye benchi mabao yakifungwa. Wakipewa njia hiyo, wengi hawatavua zao.

Hatua ya 9: Weka kumbukumbu na uzisome

Ripoti ya refa iandike kilichotendeka, si hisia. "Alionyesha utovu wa nidhamu" haimsaidii mtu. "Dakika ya 67, namba 11 wa timu ya wageni alikimbia hadi mbele ya mashabiki wa wenyeji na kupitisha kidole shingoni, njano" inamtosha hata mjumbe ambaye hakuwepo.

Katibu wa ligi awe na daftari lenye mechi, refa, dakika, kitendo na hatua iliyochukuliwa. Matukio ambayo kadi haikutolewa yaingie pia, na taarifa hizo zitoke kwa msimamizi wa kituo. Kila baada ya raundi chache lisomeni mbele ya marefa wote. Mkiona refa mmoja hajawahi kutoa njano ya kuvua jezi wakati video zinaonyesha jezi tatu zimevuliwa mbele yake, mtaongea naye kwa ushahidi. Mkiona kadi za uchochezi zinaangukia zaidi timu za wageni, tatizo ni kubwa kuliko refa mmoja, na kamati ijiulize inawapangaje marefa hao na nani anawalipa nauli.

Rufaa zikija, kamati ikumbuke kwamba uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho, matokeo yakiwemo. Msifute njano kwa sababu timu imekuja na video ya mechi nyingine ambako refa mwingine alikosea. Mechi hiyo ya kwenye video ndiyo iliyokuwa na kasoro, na hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye kikao cha marefa. Kosa la utambulisho, yaani kadi iliyoandikwa kwa namba 9 wakati aliyevua jezi ni namba 6, hilo lirekebisheni haraka na muitaarifu timu kwa maandishi kabla ya mechi yake inayofuata, kwa sababu kocha anahitaji kujua nani anaruhusiwa kucheza.